Istilahi za Mnara wa Taa na Uongozaji wa Vyombo Baharini

1. Utangulizi

Katika fani zote ambazo Kiswahili kinatakiwa kuzihudumia leo, ni chache zenye akiba kubwa ya maneno ya asili kama fani ya bahari. Wasemaji wa pwani wamekuwa na majina ya kila kamba ya jahazi, kila hali ya maji na kila upande wa upepo tangu karne nyingi. Hata hivyo, mfasiri anayepewa leo waraka unaohusu minara ya taa, maboya na njia za kuingilia bandarini hujikuta mara kwa mara amekwama. Akichungua atakuta kwamba maneno anayo, tena mengi. Kilichomkwamisha ni kwamba dhana zenyewe hazijapambanuliwa, na neno moja hubebeshwa mambo mawili au matatu.

Katika fani nyingine upungufu huo huleta usumbufu tu. Katika fani hii huleta hatari. Sheria za usafiri wa majini, matangazo kwa mabaharia, mitihani ya manahodha wa vyombo vidogo na vitabu vya mafunzo vyote husomwa na watu ambao watafanya wanachokisoma. Taa ikielezwa kwa neno lisilo sahihi, nahodha anaweza kuidhania taa nyingine, na kati ya taa hizo mbili pengine pana mwamba.

Makala haya yanakusudia kueleza mnara wa taa wa siku hizi unavyofanya kazi, na wakati huo huo kupima maneno tuliyo nayo na kupendekeza istilahi pale ambapo pana haja. Tutaeleza dhana kwanza, kisha neno. Twafanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa istilahi nyingi mbovu zimezaliwa pale mfasiri alipolifuata neno la kigeni pasipo kuifuata maana yake.

2. Mnara, taa na mwanga

Neno mnara limetokana na Kiarabu manara, ambalo kwa asili ni mahali penye nuru. Kwa maana hiyo, hapo kale neno hili peke yake lingetosha kuitaja nyumba ndefu iwashayo taa kando ya bahari. Lakini maneno husafiri. Katika Kiswahili mnara umekuwa jina la jengo lolote refu na jembamba: pana mnara wa msikiti, mnara wa saa, mnara wa kumbukumbu, na siku hizi mnara wa simu. Nuru imetoka katika neno, urefu umebaki. Kwa hiyo twalazimika kuirudisha nuru hiyo kwa kuongeza maneno mawili na kusema mnara wa taa. Mwanachuoni wa Kiarabu anaweza kuona kwamba tumesema jambo moja mara mbili. Lakini Kiswahili hakifungwi na asili ya neno, hufungwa na matumizi yake, na kwa matumizi ya leo maneno hayo yanahitajika yote.

Wapo wanaotumia nyumba ya taa. Hatuoni sababu ya kulikubali neno hili. Limeundwa kwa kufuata kipande kwa kipande muundo wa neno la kigeni, na kwa msikilizaji asiyelijua neno hilo la kigeni humaanisha tu nyumba yenye taa, au pengine ghala la kuwekea taa.

Lugha nyingine zilipita njia tofauti. Wafaransa, Waitalia na Wahispania wamelipata neno lao kutokana na kisiwa cha Pharos, mbele ya mji wa Alexandria huko Misri, ambako mnara mkubwa wa taa ulijengwa katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Mnara huo ulisimama kwa miaka zaidi ya elfu moja, hata matetemeko ya ardhi yalipoubomoa katika karne ya 14. Na mwaka 1477 ngome ya Sultani Qaitbay ilijengwa mahali pake. Jina la kisiwa likawa jina la kitu.

Yafaa pia kutenga taa na mwanga. Taa ni chombo. Mwanga ni kile kinachotoka ndani yake. Katika baadhi ya lugha za kigeni neno moja hubeba maana zote mbili, na juu ya hayo hutumika kuutaja mnara wenyewe. Mfasiri asipokuwa mwangalifu ataandika "mwanga huo ulijengwa mwaka fulani", sentensi isiyo na maana. Twapendekeza kwamba taa itumike kwa chombo na kwa alama yenyewe kama inavyoandikwa katika ramani ya bahari, na mwanga utumike kwa kile jicho linachokiona. Tena mwanga, kama wasomaji wajuavyo, lina ndugu yake asiyependeza, yaani mwanga wa uchawi ambaye wingi wake ni wanga. Ngeli huwatenga, lakini ni sababu nyingine ya kutolitumia neno hilo ovyo mahali ambapo taa latosha.

3. Namna mnara wa taa unavyofanya kazi

Kazi ya mnara wa taa ni tatu: kumwonyesha nahodha kwamba nchi i karibu, kumwezesha kujua ni sehemu gani ya nchi, na kumwepusha na hatari au kumwongoza katika njia iliyo salama. Kazi ya pili ndiyo inayosahauliwa na watu wa bara. Taa iwakayo tu haitoshi, sharti itambulikane. Taa isiyotambulikana yaweza kuwa mbaya kuliko giza, maana giza humfanya nahodha asite, bali taa aliyoidhania siyo humfanya aende.

Mwanga wa taa ya kawaida hutawanyika pande zote, na sehemu kubwa hupotea juu angani na chini majini. Ili ufike mbali hapana budi ukusanywe na kuelekezwa kwenye upeo wa macho. Mfaransa Augustin Fresnel ndiye aliyebuni lenzi iliyoundwa kwa miviringo mingi ya kioo, mmoja kando ya mwingine, ikafanya kazi ya lenzi nene sana bila ya uzito wake. Lenzi yake ya kwanza iliwekwa mwaka 1823 katika mnara wa Cordouan, kwenye mlango wa mto Gironde, Ufaransa. Istilahi lenzi ya Fresnel yafaa ibaki hivyo, kwa kuwa ni jina la mtu.

Kuhusu kilichokuwa kikiwaka, Kiswahili kimehifadhi historia bila kujua. Neno karabai, ambalo wengi wetu twalijua kama jina la taa ya kutia upepo, limetokana na jina la kemikali iliyotumika kutengenezea gesi ya asetilini. Gesi hiyo ndiyo iliyobadili minara ya taa mwanzoni mwa karne ya 20. Msweden Gustaf Dalén alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912 kwa kubuni vifaa vya kuiwasha na kuizima taa ya gesi yenyewe, bila ya mtu kuwa karibu. Tangu hapo mtunza taa akaanza kuondoka mnarani. Katika pwani yetu mnara wa kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, uliojengwa mwaka 1904, ni mfano mmoja wa minara iliyowashwa kwa gesi.

Sasa tuje kwenye umbali. Waraka wa kitaalamu hutaja aina tatu za umbali ambao taa huonekana, na tafsiri nyingi huziita zote "umbali wa mwanga". Ni kosa linalofaa kuepukwa, kwa kuwa ni mambo matatu mbalimbali.

La kwanza hutegemea mviringo wa dunia. Hata taa ikiwa na nguvu kiasi gani, ikishazama nyuma ya mgongo wa bahari haionekani. Kanuni yake ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha taa kwa mita, zidisha kwa 2.08, upate maili za bahari. Fanya vivyo hivyo kwa kimo cha jicho la mtazamaji, kisha jumlisha. Taa iliyo mita 36 juu ya bahari hutoa takriban maili 12.5, mtazamaji ambaye jicho lake li mita 9 juu ya maji huongeza takriban maili 6.2, jumla ni maili 18.7 za bahari, yaani kama kilomita 34.6, kwa kuwa maili moja ya bahari ni mita 1,852. Mvuvi aliyeketi katika ngalawa, jicho lake likiwa mita moja tu juu ya maji, ataiona taa hiyo hiyo kwa maili 14.6 tu. Umbali huu twauita upeo wa mwinuko.

La pili hutegemea nguvu ya taa na hali ya hewa kwa wakati ule. Usiku wa mvua ya masika taa kubwa hufifia karibu. Usiku mweupe wa kaskazi huenda mbali. Huu twauita upeo wa mng'ao.

La tatu ni kipimo cha makubaliano. Ili taa zote duniani zilinganishwe, hukadiriwa umbali ambao kila taa ingeonekana endapo hewa ingeruhusu kuona maili 10 za bahari. Tarakimu hii ndiyo iandikwayo katika ramani na katika orodha ya taa. Katika lugha za kigeni neno lake limetokana na neno "jina", na tumekwisha kuona tafsiri inayosema "umbali wa jina". Msomaji wa Kiswahili hawezi kupata maana yoyote hapo. Sisi twapendekeza upeo sanifu, kwa kuwa ni upeo uliopimwa kwa kipimo kimoja kwa wote. Nahodha akidhani kwamba upeo sanifu ni ahadi kwamba taa itaonekana kutoka umbali huo usiku wowote, amekosea; na mfasiri asiyetenga maneno haya matatu amemsaidia kukosea.

4. Tabia za taa

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Taa hutambulikana kwa rangi yake na kwa mwendo wa kuwaka na kuzima. Mwendo huo huitwa tabia ya taa. Neno tabia lafaa sana, maana ni jambo la kudumu ambalo humtambulisha mwenye nalo. Muda wote tangu mwendo unapoanza hata unaporudia mwanzo ni kipindi, ambacho huhesabiwa kwa sekunde. Tuepuke kukiita mzunguko, kwa sababu katika minara mingi ya zamani lenzi huzunguka kweli, na mzunguko mmoja wa lenzi waweza kutoa vipindi kadhaa.

Tabia kuu ni nne. Ya kwanza ni ya taa iwakayo mfululizo bila kubadilika. Ya pili ni ya taa ambayo muda wa mwanga ni mfupi kuliko muda wa giza. Ya tatu ni kinyume chake: muda wa giza ni mfupi kuliko muda wa mwanga. Ya nne ni ya taa ambayo mwanga na giza vina muda sawa.

Tafsiri nyingi huziita aina hizi zote, isipokuwa ya kwanza, "taa zinazometameta" au "taa zinazowakawaka". Tufikirie maana yake kwa aliye chomboni. Mbele yake zipo taa mbili, moja ya aina ya pili na nyingine ya aina ya tatu. Moja inaonyesha rasi, nyingine inaonyesha mlango wa kuingilia. Kitabu chake kinamwambia kwamba zote mbili zinametameta. Hapo kitabu hakijamwambia kitu.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitenga. Kwa aina ya kwanza twapendekeza taa tuli. Kwa aina ya pili tunalo tendo la kumweka, litumikalo kwa umeme wa radi: giza ni refu, na ndani yake mwanga hutokea ghafla na kutoweka. Taa hiyo basi ni taa ya kumweka, na kila mwanga mmoja ni mmweko, wingi wake mimweko. Taa yaweza kutoa mimweko kwa mafungamano. Kwa mfano mnara wa taa wa Jeddah, Saudi Arabia, wenye urefu wa mita 133, hutoa mimweko mitatu myeupe kwa kila kipindi cha sekunde 20. Sentensi hiyo ina mambo manne: idadi, namna, rangi na kipindi. Likikosekana moja, taa haijatambulishwa.

Kwa aina ya tatu pendekezo la kwanza lililotujia lilikuwa taa ya kuzimika. Tumelikataa, kwa sababu itakayoonekana katika sehemu ya 6 hapa chini. Bora zaidi ni tendo la kupepesa. Jicho la binadamu hukaa wazi, kisha hufumba kwa nukta moja, kisha hufumbuka tena. Uwazi ni mrefu, ufumbaji ni mfupi: ndiyo sura kamili ya taa hii. Taa ya kupepesa haihitaji kuelezwa mara mbili kwa mwanafunzi, na hawezi kuichanganya na taa ya kumweka, kwa kuwa umeme haupepesi na jicho halimweki. Kwa aina ya nne twapendekeza taa linganifu.

Ipo pia taa ambayo rangi yake hutegemea upande unaoitazama: kwa mfano nyeupe penye maji salama, nyekundu juu ya miamba. Hapa tulipima maneno kadhaa. Taa ya mafungu lingekuwa neno zuri bara, lakini pwani fungu ni mchanga ulioinuka baharini, na baharia angelisikia kama taa inayoonyesha mafungu ya mchanga. Taa ya pembe nayo ingegongana na pembe ya ukungu, yaani king'ora kinachopigwa wakati macho hayaoni. Tumeishia taa ya matao, kwa kuwa tao ni kipande cha mviringo, na shule zetu hulitumia hivyo katika hesabu.

5. Rangi na pande

Mwaka 1980 mashirika yanayohusika na uongozaji wa vyombo yalikubaliana kuhusu utaratibu mmoja wa maboya na alama, lakini umoja huo una sehemu mbili. Katika Eneo A, ambamo Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia zimo, chombo kinapoingia kutoka baharini huacha alama nyekundu upande wake wa kushoto na za kijani upande wake wa kulia. Katika Eneo B, yaani mabara ya Amerika pamoja na Japani, Korea na Ufilipino, mambo ni kinyume. Kwa hiyo mfasiri anayefasiri kitabu kilichotungwa Marekani kwa ajili ya wanafunzi wa Tanga au Mombasa asitosheke na kufasiri maneno. Hana budi kuuliza kitabu hicho kinasema juu ya bahari ipi.

Maneno "kinapoingia kutoka baharini" ndiyo roho ya kanuni yote, na ndiyo yanayoachwa mara nyingi kwa kudhaniwa kuwa ni mapambo. Chombo kinachotoka hukuta rangi zimegeuka. Kanuni isiyotaja mwelekeo ni sahihi kwa nusu ya safari tu.

Vipi kuhusu pande zenyewe? Wapo waliojaribu kutumia maneno ya jahazi: goshini na demanini. Nia ni njema, maana ni maneno yetu. Lakini goshini ni upande unakotoka upepo na demanini ni upande unakoelekea. Pande hizo hubadilika kila chombo kinapobisha; kushoto na kulia kwa chombo hakubadiliki. Kuzitumia kwa kanuni ya rangi ni kumwambia nahodha kwamba boya jekundu huhama pamoja na upepo. Twapendekeza ubavu wa kushoto na ubavu wa kulia, kwa maelezo kwamba mtu amesimama chomboni akielekea omo. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, ni maneno hai hata kwa wasiojua bahari, kwa kuwa yamo katika methali: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hatuoni haja ya kuyatafutia badala.

6. Kuzimika, kuzimwa na kuondolewa

Kwa watumishi wa serikali wanaotayarisha matangazo kwa mabaharia, sehemu hii ina umuhimu wa pekee. Kiswahili kina kauli za vitendo ambazo lugha nyingine zinaweza kutuonea wivu, nasi hatuzitumii ipasavyo.

Tuchukue sentensi tatu. "Taa ya rasi imezimika." "Taa ya rasi imezimwa." "Taa ya rasi imeondolewa." Ya kwanza ina kauli ya kutendeka: taa haiwaki kwa hitilafu, wala hakuna aliyeamua hivyo, na yaweza kuwaka tena wakati wowote itakapotengenezwa. Ya pili ina kauli ya kutendwa: pana mwenye mamlaka aliyeizima kwa sababu, labda ya matengenezo, na atatangaza itakapowashwa. Ya tatu humwambia nahodha aifute taa hiyo katika ramani yake. Ni hali tatu, na kila moja humtaka baharia afanye jambo tofauti. Anayeandika "taa haifanyi kazi" kwa zote tatu amemnyima baharia habari aliyoihitaji.

Sasa yaonekana kwa nini tumekataa taa ya kuzimika kuwa jina la tabia. Tangazo lingesema "taa ya kuzimika imezimika", na msikilizaji wa redio, penye mawimbi na kelele za mtambo, angebaki akijiuliza kama taa imeharibika au inafanya kazi yake. Istilahi ya usalama haipimwi kwa maana yake tu. Hupimwa pia kwa namna itakavyosikika mahali pabaya na kwa wakati mbaya.

7. Vielekezi na zana

Sheria za kimataifa hutenga aina mbili za vitu vimsaidiavyo nahodha. Aina ya kwanza ni vilivyo nje ya chombo na vimewekwa kwa ajili ya wote: minara ya taa, maboya, nguzo, taa za bandarini. Aina ya pili ni vilivyo ndani ya chombo chenyewe: dira, ramani, rada, bildi ya kupimia kina. Katika lugha ya asili ya mikataba majina ya aina hizi mbili hukaribiana mno, hata wataalamu wenyewe huyachanganya. Katika tafsiri zetu zote huwa "vifaa vya kuongozea meli".

Tofauti hii ina uzito wa kisheria. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha ya Watu Baharini wa mwaka 1974, katika sura yake ya tano, huitaka kila serikali iliyouridhia iweke vielekezi vya nje kwa kadiri ya wingi wa safari na ukubwa wa hatari, na iwape wahusika habari zake. Zana za ndani ni wajibu wa mwenye chombo. Tafsiri ikitumia jina moja, msomaji hawezi kujua nani anadaiwa nini: dira mbovu yaweza kuonekana kosa la serikali, na mnara uliozimika kosa la mwenye meli. Twapendekeza vielekezi vya baharini kwa aina ya kwanza, na zana za unahodha kwa aina ya pili.

Neno jingine linalohitaji uangalifu ni rubani. Kwa asili huyu ni mtu wa bahari, ajuaye njia za maji na kuongoza chombo. Ndege zilipokuja zilimchukua, na leo kijana wa mjini akisikia rubani hutazama juu. Hatupendekezi kumnyang'anya rubani ndege yake, lakini katika nyaraka za bandari aitwe rubani wa bandari, naye hutofautiana na nahodha kwa kuwa hujua maji ya mahali pamoja na huingia chomboni kwa muda.

8. Mnara wa siku hizi

Mtu aweza kuuliza: je, kuna faida gani kuunda istilahi za minara wakati ambapo meli hujiongoza kwa satelaiti? Swali hili ni la haki.

Mnara wa siku hizi umebadilika sana. Mara nyingi hauna mtunza taa. Taa yake ni ya diodi, hutumia umeme kidogo unaotokana na jua na kuhifadhiwa katika betri, na hali yake hufuatwa kutoka ofisi iliyo mbali. Mingine ina chombo ambacho, kikiguswa na mawimbi ya rada ya meli, hujibu kwa kuandika herufi ya Morse kwenye kioo cha rada hiyo. Twapendekeza kukiita kijibu-rada, ili kitengwe na kiakisi-rada ambacho hurudisha mawimbi tu bila kujitambulisha. Mingine hutangaza jina na mahali pake kwa redio, kwa mfumo ule ule ambao meli zenye ukubwa wa tani 300 za ujazo na zaidi, zikiwa katika safari za kimataifa, hulazimika kuwa nao. Mfumo huo twauita mfumo wa kujitambulisha kwa vyombo.

Pamoja na hayo taa haijaondolewa. Mawimbi ya satelaiti hufika duniani yakiwa dhaifu, na yaweza kuzuiwa au kughushiwa; taa haighushiwi kwa urahisi. Tena, katika bahari yetu wengi walio majini usiku hawamo katika meli kubwa. Wamo katika ngalawa, mashua na majahazi yasiyo na rada, na kwao mnara wa Chumbe, wa Ulenge mbele ya Tanga au wa Ras Serani Mombasa hausomwi kwa chombo chochote isipokuwa jicho. Hawa ndio wasemaji wa Kiswahili waliorithi maneno ya bahari. Itakuwa ajabu ikiwa sheria, tangazo na kitabu cha mafunzo vitawafikia kwa Kiswahili wasichoweza kukitumia.

9. Muhtasari wa mapendekezo

Mnara wa taa: jengo refu lenye taa ya kuongozea vyombo.
Tabia ya taa: mwendo na rangi vitambulishavyo taa.
Kipindi: muda wa mwendo mmoja kamili wa taa.
Taa tuli: iwakayo mfululizo.
Taa ya kumweka: mwanga mfupi, giza refu.
Taa ya kupepesa: mwanga mrefu, giza fupi.
Taa linganifu: mwanga na giza kwa muda sawa.
Taa ya matao: ionyeshayo rangi mbalimbali kwa pande mbalimbali.
Upeo wa mwinuko: umbali kwa kadiri ya kimo cha taa na cha jicho.
Upeo wa mng'ao: umbali kwa kadiri ya nguvu ya taa na hali ya hewa iliyopo.
Upeo sanifu: umbali uliokadiriwa kwa hewa ya kuona maili 10 za bahari.
Ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia: pande za chombo, mtu akielekea omo.
Vielekezi vya baharini: visaidizi vilivyo nje ya chombo.
Zana za unahodha: visaidizi vilivyo ndani ya chombo.
Kijibu-rada: chombo kijibucho rada kwa herufi ya kukitambulisha.
Kiakisi-rada: kifaa kirudishacho mawimbi ya rada tu.
Mfumo wa kujitambulisha kwa vyombo: upashanaji wa jina na mahali kwa redio.
Rubani wa bandari: mwongozaji wa vyombo katika maji ya bandari.

10. Hitimisho

Mapendekezo haya si maamuzi. Istilahi haisanifiwi mezani peke yake. Husanifiwa inapokubaliwa na wale watakaoitumia. Kwa hiyo twawaomba walimu wa vyuo vya mabaharia wayajaribu maneno haya darasani, wafasiri wayapime katika nyaraka, na watumishi wa bandari wayasome kwa sauti katika redio. Zaidi ya hao twawaomba wote walio karibu na manahodha na wavuvi wa Lamu, Pemba, Bagamoyo, Kilwa na kwingineko wawaulize huziitaje taa wanazoziona kila usiku. Ikiwa wanalo neno la taa ya kupepesa lililo bora kuliko hili letu, na lisilogongana na jingine, basi letu lipishe.

Mradi jambo moja lisipotee: kila tabia ya taa iwe na jina lake, na jina hilo lisiwe la taa nyingine.